Ufagio wa Mwanza

Mwaka 1964 wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza kudai mshahara wa vita vilivyokwisha miaka 46 nyuma. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 vita vikianza, sasa alikuwa na 70. Serikali iliyomwajiri ilishaanguka, mfalme wake alishafia ugenini Uholanzi, na sarafu aliyoahidiwa ilishaondolewa sokoni kabla hajaota mvi. Hata nchi ilikuwa imebadilisha jina. Alijiandikisha jeshini chini ya Wajerumani, akazeekea Tanganyika, na mwaka huohuo wa 1964 akajikuta Mtanzania.

Ofisi ya muda ya malipo ilikuwa imefunguliwa mjini. Fedha zilitoka Ujerumani Magharibi, ambako Bunge la Bonn lilikuwa limeidhinisha malimbikizo ya mishahara kwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliokuwa bado hai. Kikwazo kilikuwa kilekile ambacho kila mstaafu wa nchi hii anakijua bila kuelezwa, yaani viambatisho. Wachache walitoa vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu. Waliobaki walikuwa na maneno yao tu.

Mjerumani aliyezileta fedha, mtu wa benki, akabuni mtihani. Kila mdai aliitwa mbele, akakabidhiwa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye kwata ya silaha. Mikono ikakumbuka. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Ndivyo kisa kinavyosimuliwa, na kimesimuliwa sana. Mmarekani Charles Miller alikiandika katika kitabu chake cha 1974 kuhusu vita vya Afrika Mashariki, na kimehama kutoka kitabu hadi kitabu bila kupungua uzito. Benki imo, ufagio umo, ziwa limo. Mzee mmoja anayetajwa kwa jina lake na ukoo wake, hayumo. Nilipokisoma mara ya kwanza nilitabasamu, kama kila msomaji. Mara ya pili nikaanza kuwatafuta ambao hawakuwa kwenye ile foleni.

Jeshi walilolitumikia lilianzia mbali na ziwa. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliajiri Wasudani kutoka Cairo, akaongeza watu wa kusini mwa Msumbiji, ili avunje upinzani wa Abushiri kule pwani. Wasudani hao ndio waliokuja na vyeo ambavyo babu zetu walivitamka hadi kufa kwao: ombasha, shaushi, betshaushi, sol, effendi. Ni maneno ya jeshi la Misri, yaliyopanda meli, yakashuka Bagamoyo, yakatembea kwa miguu hadi Usukuma. Baadaye Wajerumani walianza kuandikisha watu wa bara, yaani Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Kombania ya 14 ikakaa Mwanza na ya 7 ikakaa Bukoba.

Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa rupia 20 kwa mwezi. Wakati huo serikali ilidai kodi ya nyumba kwa fedha taslimu, na kijana asiye na fedha alikuwa na njia chache: kubeba mizigo ya watu, au kwenda kuvuna mkonge mbali na kwao. Kwa rupia 20 aliweza kununua ng'ombe, kutoa mahari, na kuweka mtumishi wa kumbebea kirago. Askari alikuwa bwana mdogo.

Sitaki kuwapamba. Jeshi hilohilo ndilo lililochoma vijiji na maghala ya kusini wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, na wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa, walifika 300,000. Waliowasha moto huo kwa mikono yao walikuwa askari Waafrika, wakiamriwa na Wajerumani. Nalitaja hili kwa kuwa visa vya malimbikizo hupenda wadai watakatifu, na hawa hawakuwa watakatifu. Waliahidiwa mshahara, wakafanya kazi waliyotumwa, mwisho wake hawakulipwa. Deni ni hilo, hata kama kazi yenyewe ilikuwa chafu.

Vita vikafika ziwani. Waingereza walitoka Kisumu kwa meli wakaivamia Bukoba Juni 1915, kisha Julai 1916 wakaiteka Mwanza. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Tabora, na askari wao pamoja nao, na wake zao, watoto na watumishi, maana askari hakusafiri peke yake. Msafara wa kombania ulikuwa kijiji kizima kinachotembea. Kule Tabora, meli za Ulaya zikiwa zimezuiwa, Wajerumani waligonga sarafu wenyewe katika karakana ya reli: za shaba kwa matumizi ya kila siku, na za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo zinauzwa minadani kwa bei ambayo mzee yeyote wa ile foleni angeduwaa akiisikia. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Tangu hapo fedha ziliendelea kuadimika, na mshahara ukawa ahadi inayobebwa mgongoni pamoja na risasi.

Hapa pana tukio ambalo wasimulizi wa ufagio hulipita haraka. Novemba 1917, kabla ya kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kamanda Paul von Lettow-Vorbeck alilipunguza jeshi lake. Chakula kilikuwa kidogo, dawa zimekwisha, na adui yuko nyuma. Alichagua Wajerumani wapatao 300 na askari wapatao 1,700 wenye uwezo wa kutembea na kupigana. Wagonjwa na majeruhi waliachwa Nambindinga, kwenye uwanda wa Makonde, waangukie mikononi mwa Waingereza. Kijeshi lilikuwa jambo la akili. Ila kuanzia siku hiyo, aliyevunjika mguu kwa ajili ya jeshi hilo hakuwa tena kwenye orodha ya wanaoendelea nalo.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya mizinga ya Ulaya kunyamaza, Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari 1,168, mbali na wapagazi na wanawake. Askari walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Kamanda aliomba fedha za kuwalipa, hakuzipata. Akawapa vyeti vya kuthibitisha utumishi wao. Kisha wakavushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapandishwa treni hadi Tabora, wakawekwa kambini kama wafungwa wa vita. Homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia ikawakuta humo, na baadhi yao walizikwa wakiwa na vyeti vyao.

Aliyeachwa Nambindinga hakuwepo Abercorn.

Lettow-Vorbeck aliingia Berlin Machi 1919 akiwa juu ya farasi, akapita chini ya lango la Brandenburg watu wakishangilia. Mwaka 1920 Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwahudumia waliolemazwa na vita, na kwa mwanajeshi wa nyumbani kukawa na ofisi ya kupima ulemavu na mahakama ya kukatia rufaa kama hakuridhika na asilimia aliyopewa. Uingereza nayo ilikuwa imeunda mabaraza yake ya rufaa za pensheni mwaka 1919. Kwa mkulima wa Magu au Ukerewe aliyerudi na risasi nyongani, mlango uliokuwa karibu ulikuwa baraza la bwana shauri, na bwana shauri sasa alikuwa Mwingereza. Umweleze nini? Kwamba ulilemaa ukiwapiga risasi ndugu zake?

Hata hivyo kuna mtu mmoja aliyebeba dai lake hadi Berlin, na jina lake tunalo. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa effendi wa Kisudani. Vita vilipoanza alikuwa na miaka kumi, akaingizwa jeshini pamoja na baba yake akifundishwa kazi ya kupeleka ishara. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, karibu na Lindi, katika pigano lililomwaga damu kuliko mengine yote ya vita vya Afrika Mashariki, akatekwa na Waingereza. Alipokua alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani. Akaenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mishahara miwili, wake na wa baba yake.

Akajibiwa kwamba amechelewa. Muda wa kuwasilisha madai umekwisha.

Jibu hilo linanikera kuliko lingekuwa la matusi, kwa sababu halikatai deni. Linakubali kwamba kulikuwa na madai, kulikuwa na utaratibu, kulikuwa na tarehe ya mwisho, na kwamba mtoto aliyepigwa risasi Mahiwa alipaswa kuijua tarehe hiyo akiwa Dar es Salaam chini ya serikali nyingine. Mahjub hakuondoka. Alijiita Husen, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, akaoa Mjerumani, akaigiza katika filamu. Mwaka 1934 utawala wa Hitler ulipoanzisha nishani kwa waliopigana vita vya kwanza, akaomba. Akakataliwa tena. Huku nyuma, wapenda makoloni walimtaka sana kwenye maandamano yao avae sare ya askari na kushika bendera. Ushahidi wa utumishi wake ulitosha kwa picha, haukutosha kwa malipo. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Tangu 2007 pana kijiwe cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu jijini Berlin, mbele ya mahali alipoishi.

Upande wa pili wa vita hali haikuwa nzuri zaidi. Waingereza waliwachukua askari wa Wajerumani waliotekwa wakaunda nao batalioni ya sita ya King's African Rifles, Keya, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kudaiwa utii na serikali mbili na kuzidai zote mbili mshahara. Chini ya Keya walikuwa wapagazi, na hao ndio waliokufa hasa. Pande zote ziliwakusanya kwa mamia ya maelfu, na Usukuma, kwa wingi wa watu wake, haikuachwa. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanakadiria wapagazi karibu 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Jina la idara yao, Carrier Corps, lilibaki kwetu kama Kariakoo. Mishahara ya waliokufa ilibaki London. Watawala wa makoloni waliomba fedha hizo zisizodaiwa zirudishwe zitumike kwa faida ya watu wa kwao, na London ikakataa. Wenye kudai, ilionekana, hawakujitokeza. Wangejitokezaje?

Vita vya Pili vilipokuja, Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini. Walikwenda Uhabeshi, Madagaska, na Burma, nchi ambayo wazee walioitembea kwenye matope ya bonde la Kabaw mwaka 1944 waliiita Bama maisha yao yote. Tarehe 12 Februari mwaka huo meli ya Khedive Ismail, iliyowabeba askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi, na watu karibu 1,300 wakafa. Vita vilipokwisha, kila askari alipewa kiinua mgongo kwa miezi aliyotumikia. Mwaka 2019 waandishi wa habari walizifukua nyaraka zilizoonyesha kiwango: mweupe wa cheo cha chini aliyeandikishwa makoloni alipewa karibu mara tatu ya mweusi wa cheo hichohicho. Kwa Kiswahili neno lenyewe linasema kazi yake, kumsaidia mtu kuinuka. Mgongo mmoja ukahesabiwa kuwa mzito kuliko mwingine.

Mwingereza mwenyewe, akiwa kwao, alikuwa amepata jambo kubwa mwaka 1943. Baada ya kelele nyingi bungeni, mzigo wa kuthibitisha uliondolewa kwa mdai: wizara ndiyo itakayopaswa kuonyesha kwamba ulemavu haukutokana na utumishi. Mabadiliko ya namna hiyo hayana mvuto wa ufagio, hayafai kusimuliwa barazani jioni, lakini ukimuuliza mtu yeyote aliyewahi kusimama dirishani na faili atakwambia kwamba kesi nzima imelala hapo, nani anayetakiwa kuthibitisha.

Sasa turudi 1964, maana mwaka huo haukuwa wa kawaida. Januari 12 mapinduzi Zanzibar. Januari 20 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, na kesho yake Tabora ikafuata. Kambi hiyo leo inaitwa Lugalo, kukumbuka mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliangamiza kikosi cha Wajerumani mwaka 1891. Wazee wa Mwanza walikuwa wamelitumikia jeshi lililopigwa Lugalo. Historia ya nchi hii ina vyumba vingi, na mara nyingine mtu hutoka kimoja akaingia kingine bila kubadilisha kanzu.

Machi 9 Lettow-Vorbeck alifariki Hamburg akiwa na miaka 93. Serikali ya Bonn iliwasafirisha askari wawili wa zamani kwa ndege kama wageni wa taifa wakahudhurie mazishi. Hotuba ilitolewa na waziri wa ulinzi Kai-Uwe von Hassel, naye alikuwa mzaliwa wa Gare, Usambara, mwaka 1913. Kwa hiyo kaburini palikuwa na watu wa Tanganyika watatu, kwa namna tofauti.

Aprili 26 Muungano ukazaliwa, na pamoja nao tatizo la Bonn. Zanzibar ya mapinduzi ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na Ujerumani Magharibi ilikuwa na siasa ya kuvunja uhusiano na yeyote atakayefanya hivyo. Sisemi kwamba malimbikizo ya wazee yalikuwa rushwa ya kidiplomasia. Nasema mwaka huo Bonn ilikuwa na sababu ya kutaka kupendwa Tanzania, na kwamba deni lililosubiri tangu 1918 lilipata bahati ya kukutana na sababu. Halikudumu penzi hilo. Februari 1965, ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki ulipokubaliwa Dar es Salaam, Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akajibu kwa kuukataa na uliobaki wote. Foleni ya Mwanza ingechelewa miezi michache, pengine isingekuwepo.

Ufagio, basi. Wasomaji wa Ulaya huupenda kwa sababu unawaambia walichotaka kuambiwa, kwamba askari alikuwa mtiifu hadi mifupani, na kwamba Mjerumani alifundisha vizuri. Mimi naona mtu wa benki aliyefanya jambo moja la busara: alikataa kuwarudisha watu nyumbani eti kwa kukosa karatasi ambayo mchwa wa Usukuma walikuwa na miaka 46 ya kuitafuna. Aliugeuza mwili kuwa cheti. Makarani wengi niliowahi kusimama mbele yao wasingefika hapo.

Lakini hebu angalia mtihani wenyewe. Kwata ya silaha inahitaji mikono miwili na miguu inayosimama. Mzee aliyekatwa mkono baada ya Mahiwa angeuwekaje ufagio begani? Aliyepofushwa angeuona wapi ukikabidhiwa? Aliyelazwa hoi Kwimba, hawezi hata kuifikia barabara ya Mwanza, nani angemtumia ufagio? Mtihani ulipima utumishi kwa kutumia uzima, na kwa hiyo ulimwacha nje mtu yuleyule ambaye utumishi ulimlia uzima wake. Cheti cha 1918 kilikuwa kimefanya hivyohivyo, maana kilitolewa kwa waliofika mwisho wakitembea. Mara mbili, kwa njia mbili tofauti, jeshi lilimtambua mzima.

Mpagazi naye hakufundishwa kwata. Alifundishwa kunyanyua ratili 60 na kutoanguka. Ungempa ufagio angeuweka kichwani. Na wake wa askari, waliopika, waliobeba sufuria na watoto kutoka Mwanza hadi Msumbiji na kurudi, ufagio walikuwa wanaujua vizuri kuliko wanaume wote, ila si kwa matumizi yaliyotakiwa siku hiyo.

Kuna na upande wa pili, na hapa acha nicheke kidogo. Baada ya vita Tanganyika nzima ilishikwa na ngoma ya beni. Vijana walijipanga kwa vyeo vya kijeshi, wakavaa kofia, wakashika bunduki za mbao, wakapiga gwaride barabarani kwa kushindana, na makambi ya mateka yalikuwa moja ya njia zilizoieneza. Mtu aliyezaliwa 1905, hakuwahi kusikia risasi, angeweza kufikia 1964 akiwa na kwata safi kuliko shaushi halisi mwenye baridi yabisi. Kwamba hakuna aliyeshindwa mtihani kunaweza kuwa ushahidi wa kumbukumbu ya jeshi. Kunaweza pia kuwa ushahidi kwamba Mwanza ilikuwa na wacheza ngoma wazuri. Kama mmoja wao alipenya akalipwa, sina kinyongo naye.

Wengine barani walichukua njia ndefu zaidi. Ufaransa iligandisha pensheni za wanajeshi wake wa Afrika baada ya makoloni kupata uhuru, hivi kwamba watu waliolala handaki moja walizeeka kwa viwango viwili. Wasenegali 743, wakiongozwa na Ibrahima Gueye, walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na Aprili 1989 kamati ikaona wamebaguliwa. Mwingine, Amadou Diop, alipambana ndani ya mahakama za Ufaransa hadi ile ya juu ya utawala ikampa haki Novemba 2001. Hakuna ufagio katika kesi hizo. Kuna vifungu, tarehe, na wazee waliojifunza kusoma gazeti la serikali kama wengine wanavyosoma msahafu.

Na vita vya kwetu wenyewe? Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na mgambo wakaitwa kutoka mashambani wakaungane na JWTZ hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Mwanza ilionja kidogo: Machi 29 ndege ya Libya iliyotumwa kulipua hifadhi ya mafuta ilikosea shabaha, mabomu yakaua swala. Swala hawakuwa na wa kuwadai. Mgambo waliorudi vijijini na mguu pungufu wanao wa kuwadai, ni serikali yao wenyewe, na dai linalowasilishwa kwa serikali yako lina aibu yake, kama kumdai baba mkwe. Wengi wao sasa wana umri wa wale wazee wa 1964. Ukiwasikiliza wakisimulia Kyaka na Masaka utagundua kwamba hawaanzi na ushindi. Wanaanza na namba yao ya jeshi, wanaitamka kwa haraka, tarakimu kwa tarakimu, kama anayehofia kwamba akiisahau atakuwa hajawahi kwenda.

Foleni ya Mwanza ilikwisha. Waliopita mtihani walipokea malipo na kutawanyika kwenye njia za pamba kurudi makwao. Rupia walizoahidiwa zilikuwa zimekufa zamani. Fedha ya nchi wakati huo ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, na noti mpya za mwaka ule zilikuwa na picha ya mashua yenye tanga ikielea ziwani. Kwa zile zilizofungwa kwenye pindo la shuka siku hiyo, mzee alipofika nyumbani na kuulizwa amerudi na nini, jina alilotumia lilikuwa lilelile tunalotumia mimi na wewe, lililobaki kutoka sarafu ndogo ya Wajerumani ya mwaka 1904, ambayo mia yake ilifanya rupia moja: hela.